Ekzosi Yenye Kelele Haikuongezei Nguvu

Swali ni lile lile, na anayeuliza karibu kila mara ana Subaru Impreza: "Fundi, nikitoa sailensa na masega ya kusafisha moshi, gari litaongeza nguvu kiasi gani?" Haulizi kama litaongeza. Hilo ameshaaminishwa na wenzake. Anachotaka ni namba. Nimejibiwa kwa manung'uniko mara nyingi ninaposema namba hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo leo naeleza kwa maandishi.

Nguvu huzaliwa ndani ya silinda, pale hewa na petroli vinapoungua na kuisukuma pistoni. Ukitaka nguvu zaidi, lazima uingize hewa zaidi au uiunguze vizuri zaidi. Chukua Impreza ya 1.5 isiyo na tabo, ambayo imejaa Nairobi. Jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15 au zaidi. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho: ikiwa na nguvu za farasi 100 pale Likoni, ikifika Westlands ina 85 hivi. Hewa iliyopungua ni ile ya kuingia. Kukata bomba la nyuma hakuirudishi. Sailensa ya kiwandani ambayo haijaziba huzuia moshi kidogo sana, na kinachopatikana kwa kuitoa mara nyingi hata mashine ya kupimia haikioni vizuri.

Lakini gari linasikika lina nguvu, wananiambia. Naelewa. Tumelelewa na sauti hiyo. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 na Impreza vilevile. Mngurumo ule wa kukatika-katika ukakaa vichwani mwetu kama ndio sauti ya ushindi. Ukweli ni kwamba unatokana na mabomba ya moshi yaliyo kwenye injini yenyewe, ambayo hayalingani urefu. Moshi wa silinda moja unafika mapema, wa nyingine unachelewa, na sikio linasikia ule mdundo usio sawa.

Sasa tazameni Subaru wenyewe walifanya nini walipotaka gari kali zaidi. Impreza za STI za soko la Japani za miaka ya 2000 zilipewa tabo yenye njia mbili za kupokea moshi, na mabomba yakasawazishwa urefu. Tabo ikawahi kuamka. Mngurumo ukapotea! Kiwanda kiliutoa mhanga ule unaouabudu ili kupata kile unachodai unakitafuta. Sijui nitumie hoja gani nyingine kumshawishi mtu.

Kibaya zaidi ni hii mitindo ya kutema moto. Fundi wa kompyuta anachelewesha cheche na kuacha petroli iendelee kumwagika unapoachia mafuta, ili iungue ndani ya ekzosi na kulipuka "pa! pa! pa!". Petroli inayoungua nje ya silinda haisukumi pistoni yoyote. Inachoma valvu za kutolea moshi, inayeyusha masega na kuipika tabo. Magari ya mashindano hufanya jambo linalofanana na hilo ili tabo isilale kwenye kona, lakini nyuma yake kuna kikosi cha mafundi na vipuri vya akiba. Wewe wa Thika Road una mshahara wa mwisho wa mwezi.

Masega nayo yana hadithi yake, na hapa nasema kwa uchungu. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei. Gereji inayokushauri uyatoe, tena inakufanyia kazi hiyo kwa bei ya kutupa, muulize mwenyewe yanakwenda wapi. Ni kweli kwamba kwenye gari la tabo masega yaliyo karibu na tabo huzuia moshi, na kuyabadilisha huleta faida inayopimika. Lakini ukiyaondoa bila kurekebisha kompyuta, mgandamizo wa tabo unaweza kupanda kupita uliopangwa. Impreza za WRX na STI za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Injini inaanza kugonga ndani, wewe husikii kwa sababu ya kelele uliyoinunua, na siku moja pistoni inapasuka. Nimezifungua za namna hiyo: kipande cha pistoni kati ya ringi na ringi kimemeguka, ukuta wa silinda umechorwa mistari. Injini imenoki, na mwenyewe bado anasifia sauti.

Basi mwenye bajeti ndogo afanye nini? Kwanza pima kompresheni ya silinda zote. Zikipishana sana, hakuna cha kuongeza hapo, kuna cha kutengeneza. Badilisha plagi, filta, na mkanda wa taiming kama historia yake haijulikani. Kagua mipira ya hewa kutoka kwenye tabo, maana mpasuko mdogo tu unaiba nguvu. Acha zile filta za wazi zinazovuta hewa ya moto ya boneti na kuichanganya sensa ya hewa. Gari likiwa zima, lipeleke kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu, fundi aipange kompyuta kwa petroli unayotumia kweli, sio ya Japani. Baada ya hapo ndipo uweke bomba pana la kutoka kwenye tabo, lenye masega yanayopitisha moshi kwa wepesi, na upangiwe upya. Tabo ya kiwandani iache. Mwenye WRX ya gia tano akumbuke kwamba gia boksi hiyo haipendi nguvu nyingi za ghafla. Weka fungu la tairi, pedi na mafuta ya breki kabla ya yote haya. Mwenye 1.5 isiyo na tabo: usiihangaikie injini, weka pesa kwenye tairi, breki na shokapu, au uza ununue yenye tabo.

Kama mwaka huu una pesa ya kazi moja tu, lipia kipimo cha kompresheni na plagi mpya, na sailensa uiache mahali ilipo.