Unalipia Nafasi ya Deikea Mtoto Kabla Hajazaliwa? Soma Hii Kwanza

Likizo ya uzazi kisheria hapa Kenya ni miezi mitatu. Ndiyo maana wazazi wengi hutafuta deikea ya mtaani mapema, kwa sababu mama anayelea watoto nyumbani kwake hawezi kuchukua wachanga wengi kwa wakati mmoja. Akikuambia utume pesa akushikie nafasi, si vibaya. Lakini pesa hiyo ni ya nini hasa?

Tuseme ada ni Sh4,000 kwa mwezi na umetuma Sh2,000. Je, itakatwa kwenye ada ya mwezi wa kwanza, ama ni ya kushika nafasi tu? Ukighairi, utarudishiwa? Ujumbe wa malipo unaonyesha kiasi, tarehe na aliyepokea. Hauonyeshi mlikubaliana nini.

Kabla ya kutuma:

1. Mwandikie SMS: "Mama, nitatuma 2,000 ya nafasi ya mtoto kuanzia Juni. Itakatwa kwa ada ya kwanza. Nisipomleta, utanirudishia 1,000. Ni sawa?" Subiri ajibu.
2. Angalia jina linalotokea kwa simu kabla ya kukubali. Ni lake?
3. Usifute ujumbe wa malipo wala jibu lake.

Kumbuka, huduma ya kurudishiwa pesa ni ya aliyekosea nambari. Haimalizi ubishi kuhusu makubaliano. Hapo ushahidi wako ni ile SMS.