Alikosa Moyo, au Tulikosa Mbinu?

Kila timu yetu ikifungwa, pale kantini utasikia sentensi ileile: "Hawana moyo hawa." Na mimi nimeisema sana tu. Muhula uliopita, baada ya kupoteza nusu fainali ya kikapu ya vitivo, nilimwambia dogo mmoja wa mwaka wa kwanza kwamba ametuangusha kwa woga. Hajarudi mazoezini tangu siku hiyo. Nikaanza kujiuliza: hivi tulifungwa kwa woga kweli, au kwa kutojua la kufanya?

Tuangalie fainali ya NBA ya mwaka 2011, Dallas Mavericks na Miami Heat. Wengi huisimulia kama hadithi ya moyo, na moyo ulikuwepo. Dirk Nowitzki, Mjerumani, aliumia kidole cha mkono wa kushoto mechi ya kwanza. Mechi ya pili Dallas walikuwa nyuma kwa pointi 15, zimebaki dakika saba hivi. Wakashinda 95-93, na kikapu cha ushindi Dirk alikifunga kwa mkono huohuo wa kushoto. Mechi ya nne akacheza na homa, akapata pointi 21.

Lakini angalia benchi pia. Baada ya mechi tatu, Miami walikuwa mbele 2-1. Kocha Rick Carlisle hakuishia kuwaambia vijana wakaze meno. Alimwanzisha J.J. Barea, mfupi lakini mwepesi, badala ya DeShawn Stevenson, ili apenye na kuwavuruga walinzi wa Miami. Wakati wa kujilinda, Dallas walichanganya: mara mtu kwa mtu, mara ulinzi wa kanda, yaani kila mchezaji analinda eneo lake. LeBron James alipata pointi 8 tu mechi ya nne. Dallas wakashinda tatu mfululizo, kombe likaenda kwao 4-2.

Mechi ya sita ndiyo iliyonifungua macho. Kipindi cha kwanza Dirk alirusha mara 12, ikaingia moja. Ingekuwa kwetu, tungeshamwita mwoga. Ila timu ilikuwa na njia nyingine: Jason Terry alitoka benchi akafunga pointi 27. Dirk akapata muda wa kutulia, na akamaliza na 21. Kwa hiyo mbinu na moyo havishindani. Mpango mzuri humpa mtu sababu ya kuendelea kujiamini hata mkono unapomkatalia.

Na LeBron je? Alisemwa kwamba hana moyo. Baada ya fainali ile alikwenda kufanya mazoezi na Hakeem Olajuwon, gwiji mzaliwa wa Nigeria, akajifunza kucheza karibu na kikapu akiwa amekipa mgongo. Mwaka 2012 akawa bingwa na mchezaji bora wa fainali. Waliomwita mwoga hawakumsaidia kitu. Aliyemwonyesha namna ya kufanya alimsaidia.

Sasa narudi kwa dogo wetu. Nikikumbuka vizuri, kila akishika mpira alibanwa na watu wawili, na hakuna kati yetu aliyejitokeza kupokea pasi. Mimi nilikuwa nimesimama kona, napunga mkono nikiwa nyuma ya mlinzi.

Wiki hii nitamtafuta hosteli. Sitamwambia ajikaze. Nitamwomba radhi, halafu nimwonyeshe mahali nitakaposimama siku nyingine akibanwa.