Kabla hujaposti blenda, soma kibandiko

Wauzaji wenzangu, plagi kuingia ukutani siyo kwamba kifaa kitapona. Soketi zetu Tanzania ni za pini tatu bapa kama Uingereza, umeme volti 230. Nchi nyingi za Ulaya ni pini mbili za duara, volti zilezile. Marekani ni pini bapa nyembamba, volti 120 tu. Adapta inabadilisha umbo la plagi, haipunguzi umeme. Blenda ya 120 ukiichomeka hapa, inaungua.

Mimi hapa Morogoro mjini napiga picha plagi na kibandiko, naposti vyote. Kikiandikwa 100–240V, adapta inatosha. Kikiandikwa 120V, kinataka transfoma, mwambie mteja mapema. Mteja wa Mgeta akirudisha mzigo, nauli ya kuushusha kutoka Uluguru inakula faida yote.