Muziki: nani apunguze sauti, DAC au preampli?

Mtu ananunua DAC ya zaidi ya dola 1 500. Anafika nyumbani, anaiunga moja kwa moja kwenye ampli, anabonyeza wimbo kwenye ordinatere. Baada ya sekunde chache bafle zimeungua. DAC haikuwa mbovu, ampli pia haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni kitu cha kupunguza sauti katikati yao.

Hesabu yake si ngumu. DAC nyingi za nyumbani hutoa volti 2 wimbo unapofika kilele. Ampli ya kawaida huzidisha volti hizo mara 20 hivi, zinakuwa 40. Kwenye bafle ya omu 8, volti 40 ni sawa na wati 200. Bafle ndogo ya sebuleni haikutengenezwa kwa mzigo huo, na twita yake, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo hutangulia kufa. Kwenye kable za XLR, volti zinazotoka mara nyingi ni 4 au zaidi.

DAC ni chombo kinachosoma tarakimu za wimbo, ziwe za CD, za simu au za ordinatere, na kuzigeuza kuwa umeme wa sauti. Preampli hukaa kati ya DAC na ampli: inachagua chanzo cha muziki, inapandisha sauti na kuishusha. Enzi za sahani za vinili hakuna aliyeuliza kama inahitajika, kwa sababu sindano ya sahani hutoa milivolti chache tu. CD ilipoingia sokoni Japani mwezi Oktoba 1982, chanzo chenyewe kilikuwa tayari na nguvu ya kutosha. Tangu hapo wengi wanajiuliza preampli imebaki na kazi gani.

Watengenezaji wengi walijibu kwa kuweka kitufe cha sauti ndani ya DAC. Mara nyingi kitufe hicho hufanya kazi kwenye tarakimu zenyewe, na ubishi wa mafundi unaanzia hapo. Kila disibeli 6 zinazopunguzwa hivyo hula karibu biti moja. Kushusha disibeli 40, jambo la kawaida usiku watoto wakilala, kunakula karibu biti 7. Kwenye DAC ya biti 24 zinabaki 17, bado zaidi ya 16 za CD. Kwa hiyo wanaosema kwamba kitufe cha tarakimu kinaharibu muziki wanatia chumvi.

Hoja yenye uzito ni nyingine: kelele. Kila DAC ina mvumo wake mdogo wa umeme. Kitufe cha tarakimu kinashusha muziki peke yake, na mvumo unabaki palepale ulipokuwa. Preampli inayofuata nyuma ya DAC inashusha vyote viwili pamoja. Kwenye bafle za kawaida huwezi kusikia tofauti. Kwenye bafle zinazopaza sauti kubwa kwa wati chache, ndani ya chumba kimya, mvumo unasikika wimbo ukinyamaza.

Kampuni ya Benchmark, ya mji wa Syracuse katika jimbo la New York, inauza majibu yote mawili. DAC3 HGC ina kitufe cha sauti ndani yake, kinachochanganya njia ya tarakimu na ya analogi. DAC3 B haina kitufe cha sauti. Ni ya mtu mwenye preampli tayari. Preampli yao LA4, ya zaidi ya dola 2 000, inapunguza sauti kwa rele ndogo, kila hatua nusu disibeli. Lakini ndani ya DAC zao kuna pia vijampa vya kushusha volti za XLR kwa disibeli 10 au 20. Kwa mwenye chanzo kimoja tu cha muziki, vijampa hivyo vinamaliza sehemu kubwa ya tatizo, na havidai dola nyingine.

Kwa mpenzi wa rumba ya zamani, ubishi huu una mpaka wake. Indépendance Cha Cha ilirekodiwa Brussels mwaka 1960. Mvumo wa mikanda ya wakati ule uko juu kuliko mvumo wa DAC nzuri ya leo, na hakuna preampli itakayouondoa. Mwenye vinili, CD na televisheni kwenye ampli moja, huyo ndiye anayeihitaji kweli.

Anayetumia vyote viwili aache sauti ya ordinatere na ya DAC juu, au DAC ishuke disibeli 3 hivi, kisha apunguze kwa preampli peke yake. Vitufe vitatu vinavyoshushwa kila kimoja kidogo vinaleta mvumo bila sababu. DAC na preampli ziwashwe kwanza, ampli mwisho; wakati wa kuzima, ampli itangulie. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, inafaa kuzima ampli kwa mkono palepale na kushusha preampli hadi chini. Vinginevyo umeme ukirudi vyombo vyote vinawaka kwa pamoja, na mshindo wake unaishia kwenye twita.