Lokiriama, Mahali Ambapo Adui Alihesabiwa Mtu

Ukitoka Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ukashika njia ya magharibi, ukapita Lorugum na kuendelea mpaka nchi inapokaribia Uganda, utafika Lokiriama. Ng'ambo ya mpaka ni upande wa Moroto, nchi ya Wamatheniko, ambao ni tawi la Wakaramojong. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko walikutana hapo Lokiriama, wakachimba shimo, wakazika silaha na kula kiapo kwamba watu wao hawatauana tena wala kunyang'anyana mifugo. Atakayefukua ugomvi huo, laana imwandame. Pana mnara wa kumbukumbu mahali hapo, na watu wa pande zote mbili wameendelea kukutana kuadhimisha mkataba huo mwaka hata mwaka.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kikristo katika sekondari moja ya Lodwar, na kabla ya hapo nilifundisha Kakuma. Nikifika kwenye mada ya dhambi, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, kuchukua ng'ombe wa adui nako ni wizi?" Haulizi kwa mzaha. Huenda mahari ya mama yake ilitokana na ng'ombe wa namna hiyo, na aliyewaleta akapokewa kwa nyimbo. Nyuma ya swali lake lipo jingine kubwa zaidi lililowaumiza vichwa watu wa kila taifa: uovu ni uovu kila mahali, au kila jamii ina uovu wake?

Nimezaliwa Loima katika familia ya wafugaji, na ninaamini Lokiriama inalijibu swali hilo vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma chuoni.

Chale za mjomba

Mjomba wangu ana chale begani, mistari ya vinundu vidogo iliyopangwa sawasawa kama shanga. Alichanjwa ujanani baada ya kumwua adui. Kwa desturi ya zamani hiyo ilikuwa heshima, na pia ilikuwa sehemu ya kumtakasa aliyerudi na damu mikononi ili aweze kukaa tena na watu wake.

Nilimwuliza chini ya mti ambapo wazee hukaa mchana: "Na aliyemwua Mturkana mwenzake, naye huchanjwa?"

Alinitazama kama niliyesema jambo la aibu. "Huyo hachanjwi, mwanangu. Huyo ameleta mkosi. Atalipa mifugo, na hata akishalipa watu watamwogopa."

"Na Mmatheniko?"

"Mmatheniko ni kama mtu wetu. Yale mambo tulishayazika."

Mzee huyu hajabadili hata kidogo anachokiita kibaya. Kuua ndugu kulikuwa uovu kwake tangu utotoni, na ni uovu hata leo. Kilichobadilika ni hesabu ya ndugu. Kabla ya kiapo Mmatheniko alikuwa nje ya boma, na baada ya kiapo akawa ndani. Sheria ilibaki ile ile, ua ukasogezwa mbele.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba wafugaji wa kaskazini hawakuwa na maadili. Walikuwa nayo, tena makali. Mwaka 2011 watafiti Sarah Mathew na Robert Boyd walichapisha utafiti kuhusu uvamizi wa mifugo miongoni mwa Waturkana. Walieleza jinsi kijana anayewatoroka wenzake vitani anavyoadhibiwa na watu wa rika lake: hufungwa mtini, hucharazwa viboko, na hutozwa mnyama. Kumtupa mwenzako kwenye hatari ni uovu Lorugum, na ni uovu katika jeshi lolote duniani.

Upo uchunguzi mwingine mpana zaidi. Mwaka 2019 Oliver Scott Curry na wenzake walitoa matokeo ya kupitia maandishi kuhusu jamii 60 za mabara mbalimbali. Walitafuta mambo saba: kusaidia jamaa, kusaidia kundi lako, kulipa wema kwa wema, ushujaa, kuheshimu wakubwa, kugawana kwa haki na kuheshimu mali ya mwenzako. Karibu kila mahali yalipotajwa, yalihesabiwa kuwa mema. Hawakuona jamii iliyoyageuza kuwa maovu.

Dhamiri hufuata jamii?

Hata hivyo, anayeamini kwamba uovu ni suala la utamaduni ana hoja nzito, na si haki kuipita kimya. Mwaka 2021 Mathew na mwenzake Matthew Zefferman walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na wapiganaji 218 wa Kiturkana. Asilimia 28 walikuwa na dalili za kiwewe cha vita. Wanaume walioimbiwa nyimbo za ushujaa nao huota ndoto mbaya na kushtuka hovyo. Lakini dalili za huzuni nzito zilikuwa chache kwao kuliko kwa wanajeshi wa Marekani waliolinganishwa nao. Kwa Waturkana wenyewe, hofu na kushtuka vilifungamana zaidi na hatari waliyoipitia, na huzuni ikafungamana zaidi na matendo ya vitani yaliyovunja maadili yao.

Maana yake ni kwamba mtu anayepokewa na kutakaswa na watu wake hajilaumu sana. Dhamiri husikiliza sauti za nyumbani. Hapo mwanafunzi wangu anaweza kusema: "Unaona, Mwalimu? Kama jamii haimlaumu, hakuna uovu."

Mimi humjibu kwamba ametazama nyumba moja tu. Ng'ombe walioingia bomani kwetu kwa nyimbo walitoka boma lingine, na huko kulikuwa na kilio. Mama wa kule hakusema mtoto wake ameuawa kwa utamaduni wa Waturkana. Alisema ameuawa. Miaka yote niliyofundisha nimesikia wavamizi wakitetewa kwa mila, na hata siku moja sijamsikia aliyevamiwa akiutumia utetezi huo. Kwa hiyo jibu langu darasani ni ndiyo, kuchukua ng'ombe wa adui ni wizi, na shahidi wangu ni mwenye ng'ombe.

Mjadala huu ulifika hata Umoja wa Mataifa. Mwaka 1947, Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu lilipokuwa linaandaliwa, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilitoa onyo lililoandikwa na Melville Herskovits: tusije tukawavisha walimwengu wote maadili ya Wazungu na kuyaita ya binadamu wote. Onyo hilo lilikuwa na uzito, maana wakati huo sisi tulikuwa chini ya ukoloni, na waliotutawala walikuwa wakitufundisha wema. Tamko lilipitishwa Desemba 1948, na mwaka 1999 chama hicho hicho kilitoa tamko la kuunga mkono haki za binadamu. Tofauti za watu ni za kuheshimiwa, lakini heshima hiyo haiwezi kuwa ngao ya anayemwumiza mwenzake.

Sokoni Kakuma

Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, ina watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, wakiishi katikati ya wenyeji Waturkana. Nikiwa huko nilishuhudia mama wa Kiturkana aliyeleta mzigo wa kuni kwa mwenye duka Msomali wakiwa wamepatana kubadilishana na unga. Unga ulipopimwa, mama aliona kopo limepungua. Hawakuwa na lugha moja. Mama alishika kopo, akatumbukiza kidole kuonyesha nafasi iliyobaki juu, kisha akaonyesha kuni zake. Mkongomani aliyekuwa kwenye foleni alisema kwa Kiswahili, "Mujazie huyu mama." Mwenye duka akajaza. Watu watatu wa mataifa matatu na dini mbili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba kupunja ni vibaya.

Siku hiyo hiyo ungeona tofauti zao zote: mavazi, vyakula, namna ya kuzika, namna ya kumwita Mungu. Hizo ni mila, na mtu anayeziita uovu anawaonea wenzake. Lakini msichana anapoozwa kwa nguvu ili mifugo iingie bomani, halafu tunaambiwa ni mila, ninakataa. Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka aolewaye awe ametimiza miaka 18, ila hata kabla ya kufungua sheria ningeuliza swali la Lokiriama: aliyebeba maumivu anasemaje? Msichana anayelia ni wa boma hili hili. Yumo ndani ya ua tayari, na bado hasikilizwi.

Kazi iliyobaki

Kuna wanaosema wazee wa 1973 walitafuta malisho tu. Ni kweli kwamba kiangazi huwasukuma Waturkana kuvuka kwenda Karamoja kutafuta majani na maji. Lakini haja ya maji ingeweza pia kuleta vita, kama ilivyoleta mara nyingi. Wazee walichagua kiapo, na ilibidi kila upande ukiri mbele ya mwenzake kwamba waliokufa kule nao walikuwa watu.

Mkataba huo haukumaliza kila kitu. Idi Amin wa Uganda alipoangushwa mwaka 1979, Wamatheniko walipora ghala la silaha la kambi ya Moroto, na bunduki zikaenea. Wizi wa mifugo umekuwa biashara. Mkataba umetikiswa zaidi ya mara moja, na Septemba 2019 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikutana Moroto wakati wa kutiwa saini kwa makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani. Na wapo majirani ambao bado tunawahesabu kuwa nje: Pokot, Dassanech, Toposa. Nao bado wanatuhesabu hivyo.

Basi uovu ni mmoja kwa binadamu wote. Kinachotofautiana kati ya jamii na jamii ni orodha ya watu tunaokubali kwamba wanaweza kutendewa uovu. Orodha hiyo ni yetu, tunaiandika wenyewe, na wazee ambao wengi wao hawakujua kusoma waliiongeza kwa mikono yao. Anayesema kwamba Mturkana na Mpokot hawawezi kufanya vivyo hivyo anawadharau wote wawili. Ninawaambia wanafunzi wangu kwamba kazi hiyo sasa ni yao, na kwamba hawahitaji kuacha kuwa Waturkana ili waifanye.