Kupima Viungo vya Nyaya za Msongo Mkubwa bila Kuukata Umeme (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kwa nini umeme unaokwenda safari ndefu hupandishwa msongo kabla ya kuondoka kituoni, na tukaahidi kwamba leo tungekitazama kiungo, nacho ni mahali padogo katika laini ambapo aghalabu ndipo balaa huanzia. Waya huletwa porini umezungushwa katika magurudumu makubwa, na gurudumu moja halibebi ila kilomita chache, kwa hiyo laini kama ile ya Iringa hadi Shinyanga, ipitayo Dodoma na Singida kwa masafa ya kilomita 670 hivi, haina budi kuungwa mara nyingi. Na kila panapoungwa, mafundi hupenyeza ncha mbili za waya katika mrija wa alumini, kisha huukandamiza kwa mashine ya haidroli mpaka waya na mrija vishikamane.

Kushikamana huko hakudumu milele. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi usiopitisha umeme, na ndiyo sababu fundi mwaminifu huusugua waya kwa brashi ya chuma na kuupaka grisi maalumu kabla ya kuukandamiza. Akiiruka hatua hiyo kwa haraka, au maji yakipenya ndani ya mrija, mahali pa kugusana hupungua, ukinzani huongezeka, joto huzidi, na joto hilo huzidisha uharibifu ule ule uliolizaa. James Prescott Joule, mwanachuoni wa Kiingereza, alibainisha mwaka 1841 kwamba joto hufuata mraba wa mkondo: kiungo kinachotoa wati 100 laini inapobeba ampea 500 kitatoa wati 400 siku mkondo utakapofika ampea 1,000. Hivyo kiungo kigonjwa huweza kunyamaza miaka mingi, kisha kikakatika jioni moja ambapo mji mzima umewasha taa.

Wako wanaotosheka na kamera ya kupima joto kutoka chini. Chombo hicho ni kizuri, walakini ushahidi wake haukamiliki, kwani upepo hupoza kiungo, mzigo mdogo huficha maradhi, na alumini inayong'aa hutoa mionzi michache ya joto kuliko inavyostahili, hata kitu cha moto kikaonekana baridi. Nami naona kwamba aliye na dhamana ya laini asiridhike na dalili ilhali uwezo wa kupima ukinzani wenyewe upo.

Kipimo chenyewe hufungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu ya fibaglasi isiyopitisha umeme, iliyo safi na kavu, na fundi akiwa mbali kwa kadiri ya usalama hukiegemeza juu ya waya. Meno mawili ya chuma, yaliyoachana kwa kiasi cha sentimita 30, huuma waya na kupokea tofauti ya volti baina yake, na upande wa pili sehemu iliyopinda huuzunguka waya na kuhesabu mkondo. Ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, ukinzani hudhihirika. Na tazama udogo wa kinachotafutwa! Waya wenye kipenyo cha milimita 28 hivi una ukinzani wa takriban omu 0.07 kwa kilomita, yaani sehemu 21 za milioni ya omu kwa sentimita 30. Ampea 500 zikipita, baina ya meno yale hupatikana milivolti 10 tu, katika waya wa laini ya kilovolti 220 ambao msongo wake dhidi ya ardhi unazidi volti 120,000. Hili linawezekana kwa kuwa chombo kizima hupanda kwenye msongo wa waya wenyewe, na hakigusi ardhi popote.

Fundi hupima kwanza waya mtupu, kisha kiungo, akalinganisha. Kiungo kipya kilichoungwa barabara huwa na ukinzani mdogo kuliko waya wa urefu ule ule, madhali mrija ni mnene. Kikiuzidi waya, kimeanza kuzeeka.

Huko Québec nchini Kanada, ambako shirika la Hydro-Québec lilianza mwaka 1965 kusafirisha umeme kwa kilovolti 735, wahandisi wameunda roboti iitwayo LineScout, ambayo hutambaa juu ya waya wenye umeme, huvuka vikwazo vilivyomo njiani, na kupima viungo mahali ambapo mtu hafiki kwa urahisi.

Nawasihi wakuu wa mashirika yetu ya umeme wasingoje roboti. Fimbo na kipimo vyatosha kuanzia, mradi kila kiungo kipimwe mara laini inapoanza kubeba mzigo, na hesabu yake iandikwe daftarini pamoja na nambari ya mnara, kwa maana kipimo cha mwaka wa kumi kitalinganishwa na nini ikiwa cha mwaka wa kwanza hakikuandikwa? Juma lijalo, inshallah, tutaeleza mavazi ya mafundi wanaoushika waya huo kwa mikono.