Ordinatere zetu hazikuzeeka

Wandugu wa kazi, na ninyi mama wa kambi, mnajua biro yetu ya sendika. Kuko ordinatere sita, zimefungwa pamoja mu rezo. Ndimo tunaandika dosie za dekonte finale, za ugonjwa wa kifua, za wajane. Asubuhi zinatembea muzuri. Kufika saa nane ya mchana, zinalala. Siku moja mama mjane alingojea mpaka jioni juu ya karatasi moja tu, akarudi kwake kwa miguu.

Mwenye duka mumoja akatuambia: zimezeeka, mununue zingine. Akaandika faktire. Ile feza ingekuwa mchango wenu wa miezi mingi, na mimi nilikuwa karibu kutia sahihi.

Kijana mumoja, mutoto wa mchimbaji mwenzetu, aliyesoma enformatike, akasema: ngojeni, tupime kwanza.

Alitufasiria hivi. Prosesere, ndiyo ubongo wa ordinatere, inapiga kama moyo. Megaherzi moja ni mapigo milioni moja kwa segonde. Mu mwaka 2000 Intel ilileta SpeedStep mu ordinatere za kubeba, ili mwendo ushuke na batiri ikae zaidi (batiri zenyewe mara mingi muko kobalti ya kwetu, lakini tuache hiyo). Leo karibu kila mashini inajua kubadilisha mwendo. Tena inashuka ikipata joto kali, isiungue. Sawa vile dreva wa kamio: injini ikichemka anapunguza, hata chefu akipiga kelele.

Mu Linux, ule mwendo unasomwa mu fishie /proc/cpuinfo. Lakini nani atakaa mbele ya mashini sita mchana kutwa? Kijana akaweka Munin, programu ya bure yenye jina la kunguru wa hadithi za kale za kaskazini ya Ulaya, aliyeruka dunia nzima kutafuta habari. Mashini moja inauliza zingine kila dakika 5, inachora mstari.

Hapa njo nilikosea. Niliona mwendo mudogo, nikasema: ugonjwa ni huu! Kijana akacheka. Mashini isiyo na kazi inapumzika, kama mutu wa zamu ya usiku. Lazima uangalie mwendo, kazi na joto pamoja. Kazi ikiwa mingi na mwendo uko chini, hapo sasa uulize.

Kisha juma moja, michoro ilisema. Asubuhi, na kazi mingi, megaherzi 2400. Mchana, kazi ni ile ile, 800, na joto juu. Mashini tano zilifanya vile. Ya sita, ya sekretere, mbali na dirisha la barabara ya makamio, haikushuka hata kidogo.

Tukafungua zile tano. Vumbi nyekundu imejaa mu vantilatere, ile ile tunayovuta sisi mu kifua. Tukasafisha kwa burosi, tukazihamisha kutoka kwa dirisha. Mstari wa mchana sasa unakaa juu.

Faktire ingali mu kabati. Delege wawili bado wanataka tununue. Kikao ni juma ijayo. Nitaenda na michoro mkononi.